Mchuzi Bila Naan

FUNDI: Haloo? Mwalimu? Ni mimi—

MWALIMU: Nani? Sikupati vizuri.

FUNDI: Fundi wako, niliyekushonea hilo gauni unaloshinda nalo kitandani. [mtandao unakwaruza] Hujambo lakini?

MWALIMU: Sijambo. Kelele gani hizo?

FUNDI: Nesi anamkimbiza mume wangu Kipara na kijiko. Kachovya kidole kwenye mchuzi wa mwenyewe. Chakula chetu cha Kihindi kiko mezani, nyumba yote inanukia mpaka mapazia.

MWALIMU: Kuleni, jamani. Nilishasema siji.

FUNDI: Tutakulaje? Nesi kachukua kuku wake wa siagi, Kipara dengu, mimi mchicha na jibini. Mchuzi juu ya mchuzi. Mkate wa kuchovyea, naan, hata mmoja hakuna.

MWALIMU: [anacheka kidogo] Hakuna vipi?

FUNDI: Si huwa unanunua wewe? Kila mtu na chake, tangu tuanze kula pamoja. Sasa Kipara anakunywa dengu kama chai.

MWALIMU: Usinichekeshe. Fundi, siwezi. Tulikuwa tunakuja wawili. Nikiingia peke yangu mtaanza kunionea huruma.

FUNDI: Nani, Nesi? Huyu huruma yake yote huiacha wodini.

MWALIMU: Na kile kiti cha yule bwana—

FUNDI: Tumekiwekea mikoba. Ina adabu kuliko yeye. Mwenzangu, yule tulikuwa tunamvumilia kwa ajili yako. Kakuacha yeye. Sisi hatujakuacha.

MWALIMU: [anafunika simu kwa mkono]

FUNDI: Haloo? Umekata?

MWALIMU: Nipo. Nimejikaza siku zote hizi, halafu wewe unakuja kuniliza kwenye simu.

FUNDI: Basi njoo ulie hapa. Pilipili ipo, utaisingizia.

MWALIMU: [anacheka, anavuta kamasi] Watu wazima watatu, mnasahau naan—

FUNDI: Hatukusahau.

MWALIMU: Enhe?

FUNDI: Muuzaji alituuliza, na naan je? Tukatazamana pale kaunta kama wezi. Kila mtu akasubiri mwenzake aseme. Kununua zako ingekuwa kama tumekubali kwamba hurudi tena. Hakuna aliyeweza. Tukabeba michuzi yetu tukaondoka.

MWALIMU: [mlango wa kabati unalia]

FUNDI: Mwalimu? Sema neno, salio linakwisha hili—

MWALIMU: Natafuta viatu.

FUNDI: Unatafuta— Nesi, nyamaza, anatafuta viatu!

MWALIMU: Mwambie Kipara aachane na hizo dengu. Napitia pale pale kwa Mhindi, nachukua naan.

FUNDI: Chukua tatu zinatosha, sisi—

MWALIMU: Tatu kwa nini? Nachukua nne. Nina njaa mimi.

FUNDI: Haya, fanya hara—

[salio limekwisha]