Masikio ya Shangazi Hsieh Yanastaafu

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Juni. Shangazi Hsieh Mei-chu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya matengenezo ya kiwanda chetu hapa Taichung, Taiwan. Mimi Rodel, niliyepewa kazi ya kuandika maneno haya ya kumuaga kwa sababu wengine wote walikataa, nina miaka saba na miezi minne tangu niondoke kwetu Iloilo, Ufilipino.

Shangazi alianza kwa kupaka grisi gia za bunduki zetu za mchezo, zile za kurusha vijirisasi vya plastiki. Baada ya miaka mitano alijua ugonjwa wa bunduki kwa kuisikiliza tu. Ndiye aliyetufundisha kulegeza springi kabla ya kufungua giaboksi. Springi yangu ya kwanza, niliyosahau kuilegeza, bado imekwama darini.

Mwaka jana mnunuzi alirudisha bunduki arobaini. Ukivuta kifyatulio, mota inapiga yowe, inapata moto, fyuzi inakatika. Msimamizi wetu, Bwana Tseng, akatazama juu ya mashine ya majaribio. Ile pakiti ya kijani ya vitafunwa, inayowekwa pale kwa imani ya huku kwamba itaifanya mashine iwe na adabu, haikuwepo.

Mimi nilikuwa na makombo kwenye ndevu.

“Rodel! Umekula chakula cha mashine?”

“Bosi, nilikuwa nimeunga zamu mbili.”

“Basi bunduki hizi zisipopona kabla ya Ijumaa, mkataba wako hauongezwi.”

Kwa hofu nikajifanya fundi. Nikaamua springi ni ngumu mno, nikazikata kumi na mbili. Mota ziliendelea kupiga yowe, ila sasa vijirisasi vilidondoka miguuni mwangu.

Shangazi akaja, akaniwekea bunduki sikioni. “Sikia. Springi hailii hivyo. Hiyo ni mota iliyosukumwa mno kwenye gia.” Akalegeza nusu mzunguko ile skrubu ndogo chini ya mshikio. Yowe likaisha.

“Nani alizikaza hizi?”

“Mimi, Shangazi. Zote arobaini.”

“Kwa nguvu zako zote?”

“Nilitoka kwenye ujenzi.”

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Zile thelathini na tisa zilizobaki alinilazimisha nizirekebishe mwenyewe, kwa sikio, na springi mpya nitie mwenyewe. Ilipofika Ijumaa, bunduki zote zilikuwa zimepona. Akamwendea Bwana Tseng: “Huyu ameshakosea. Ukimfukuza, utaleta mwingine aanze kukosea upya.” Mkataba ukaongezwa. Kisha akanunua pakiti mbili za kijani, moja ya mashine, moja yangu.

Wiki hii ameomba meza yake niachiwe mimi. Nimekubali.

Shangazi, tunakushukuru. Ulale mpaka saa nne, uvue kamba wako bwawani kwa raha, na asikuletee mtu kitu chochote chenye springi. Mimi nilikuwa nimeahidi kurudi nyumbani Agosti hii. Nimempigia simu mke wangu kumwambia kwamba sasa, kwa ajili ya meza yako, ni Desemba ya mwaka ujao. Ameuliza kosa ni la nani. Nimempa namba yako.