Bwana Mifugo wa Kwenye Simu

Ndani ya Noah ya abiria, kutoka Bariadi kwenda Lamadi, Mayige alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake bwana mifugo alikuwa akimwambia mama mmoja kwamba kuzunguka vijijini ni ushamba. Siku hizi mfugaji anamtumia picha ya ng'ombe mgonjwa, basi. "Na serikali ikituletea magari ya umeme, tutafika wenyewe."

"Mbona pikipiki uliyopewa haijawahi kuonekana kijijini kwetu Mkula?"

Labda kosa ni la petroli, Mayige akawaza.

"Mama, wewe tuma picha tu."

"Si nilituma juzi? Ng'ombe anazaa, ndama kakwama, miguu tu ndiyo iko nje. Ukanirudishia dole gumba."

Gari likasimama. Mama akashuka.

"Leo nakutumia picha ya ngozi yake."