Tapeti Kwenye Beseni Moja

Laki nane hizo si zako, na usinikatize! Mama wa lori la maji alikupa uifufue injini yake, hakukupa uizibe mdomo. Eti, "Baba, imefungwa upya, itazoea." Itazoea nini? Ni kiatu?

Sikilizeni wanangu, wewe kifungua mimba na wewe mdogo wake uliyeegemea mlango, maana pumzi niliyo nayo ni ya kuazima. Kitanda hiki kimepakana na ukuta wa gereji, na tangu asubuhi nalisikia lori lile likigonga, ti, ti, ti, polepole kuliko injini inavyozunguka. Mlio wa hivyo hautoki chini kwenye pistoni, unatoka juu, kwenye vali. Wewe mkubwa ukapima nafasi za vali, ukakaza, ukalegeza, mlio ukarudi. Ndipo ukamimina oili nzito, injini ikanyamaza. Ikipata joto oili italainika, mlio urudi, huko mlimani, tangi limejaa na mama wa watu yuko peke yake.

Nilikufundisha: tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali, zikitoka, zipange kwenye kadibodi, kila moja na tundu lake, kwa kuwa kila moja imelika pamoja na nundu yake kwenye kamshafti, mhimili unaoisukuma, kama mume na mke waliozeeka pamoja. Wewe ukazimwaga zote kwenye beseni moja la petroli, ukazisugua zikang'aa, ukazirudisha popote. Mdogo wako alikukataza, ukamjibu, "Shangazi kadibodi, nenda kapike." Sasa vyuma vinatafunana, na chuma kilicholiwa hakioti.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu hili si lako, ni la mteja, na hilo ndilo linalonimaliza. Jina nililolijenga kwa kusema kweli nalisikia likifa kabla yangu, hapo ukutani, wala sina mkono wa kushika bisibisi. Nilidhani nitaacha gereji. Naacha kelele.

Gereji na spana zote nampa binti yangu, huyo hapo mlangoni. Wewe kaka yake ukitaka kazi, mwombe. Lori lisitoke... kamshafti mpya, tapeti mpya, kwa gharama yetu. Najua nikifumba macho mtamkabidhi mama wa watu ufunguo jioni hii hii. Najua.

Mungu awape... awape masikio, wanangu. Msigombane juu ya... acha maji, sitaki maji. Usilie. Pesa za mama wa watu zinarudi kwake leo.

Laki nane. Ziweke hapa shukani, nizione.