Mwero na Mchanga wa Diani

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa, na hamjambo nyote mnaotusikiliza kutoka Taru hadi Mkwiro. Leo tunamkumbuka Mwero Abdulwahab, aliyefariki Jumatatu iliyopita nyumbani kwake Ukunda, kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Alizikwa siku hiyo hiyo.

Mwero alikuwa mtunza nyumba Diani. Kwa miaka kumi na saba, kila asubuhi, aliwashusha pwani mbwa watatu wa mwajiri wake.

Wengi wetu huku ni Waislamu, na mbwa kwetu ni najisi. Hatupendi kugusa alichokiacha. Kwa hiyo watembeza mbwa walikuwa na desturi moja: kukifukia kinyesi kwa mguu, mchanga juu yake, basi. Ufuo ukaonekana safi. Mwero naye alifukia. Alifukia kwa miaka sita.

Mwaka 2014 bintiye, Sumaiya, alikuwa na miaka sita. Alipenda kuchimba visima vya mchanga ufuoni, palepale mbwa walipopita. Mamake, Bi Kibibi, aligundua kwamba mtoto anasoma huku ameinamisha kichwa upande.

“Nikamziba jicho la kulia,” Bi Kibibi ameniambia. “Nikamwonyesha vidole. Akaniuliza, ‘Mama, vidole viko wapi?’”

Jicho la kushoto lilikuwa halioni. Daktari wa macho aliwaeleza kwamba ni mnyoo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakiwa mabichi hayaambukizi. Yakikaa mchangani wiki mbili tatu, yanaambukiza, na huweza kudumu miezi, hata miaka. Mtoto huyala kwa vidole vyenye mchanga.

Mwero aliuliza swali moja: “Na yakifukiwa?”

Daktari akajibu kwamba kufukia hakuyaui.

Wasikilizaji wapendwa, nalirudia: kufukia hakuyaui. Jicho la Sumaiya halikupona.

Hakuna anayejua ni mbwa yupi. Ufuo ule una mbwa wengi. Daktari hakujua, nami sitadai kujua. Lakini Mwero alifanya kazi miaka kumi na moja zaidi, na katika miaka hiyo hakufukia tena hata mara moja. Alikusanya pakiti tupu za unga kwa majirani. Alizoa kwa kifuu, akafunga pakiti, akaenda kuitupa katika shimo refu alilolichimba mbali na kisima. Kisha alinawa jinsi dini inavyoagiza, akaendelea na kazi. Alimwomba mwajiri wake awape mbwa dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Mwajiri alikubali.

Wenzake walimcheka. Cornelius, mlinzi wa nyumba ya jirani ambaye naye hutembeza mbwa, anakumbuka siku alipomwona na pakiti mkononi.

“Nikamwambia, ‘Mzee, leo ni ugali wa wapi?’ Akanijibu, ‘Muulize mbwa wako, ndiye aliyeupika.’ Nilicheka, lakini aliniwekea pakiti mkononi, akasimama pale mpaka nikazoa.”

Cornelius anazoa mpaka leo. Wengine wengi hawazoi. Wenye nyumba wengi hawajawahi kuuliza.

Jambo moja Mwero alichelewa kulisema. Sumaiya, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, alilisikia mwaka juzi.

“Alisema, ‘Mwanangu, pengine ni mimi.’ Nikamwambia, ‘Pengine si wewe, baba.’ Akasema, ‘Ndilo linaloniuma, hatutajua.’ Nikamwambia chai inapoa, anywe. Sikutaka alie mbele yangu.”

Nilimuuliza Sumaiya kama nilitangaze hilo. Akasema, “Litangaze. Lakini useme nilimpenda.”

Nimesema.

Kwa Bi Kibibi, kwa Sumaiya na kwa jamaa wote wa Ukunda, tunawapa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwero na awape subira.

Na wewe unayefuga mbwa, awe wa kulinda boma au wa kukuliwaza, kazi hii ni yako kabla ya kuwa ya mtu uliyemwajiri. Mpe mbwa wako dawa. Beba pakiti. Zoa siku ileile. Mtoto atakayechimba mchanga ule mwezi ujao humjui, wala hutakuwapo mamake atakapomziba jicho moja na kumwonyesha vidole.