Emosi Ravutia, Aliyemwambia Rafiki Yake Kwanza

Tunayemlaza leo, Emosi Ravutia, alizaliwa kijijini Naduri, mkoani Macuata, tarehe 9 Machi 1948, akiwa kitinda mimba wa Mzee Inoke na Mama Vasiti. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Walimu walimkumbuka zaidi kwa sauti yake nzito ya kwaya kuliko kwa hesabu, na mwenyewe hakuwahi kuwapinga.

Mwaka 1967 aliajiriwa na kiwanda cha sukari, kwenye magari-moshi ya kubeba miwa. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli na kumsaidia dereva kutazama mbele. Dereva huyo alikuwa Jagannath, ambaye sote tunamwita Jagan. Walikula pamoja, chapati za huyu kwa muhogo wa yule. Emosi alipomwoa Litia mwaka 1972, Jagan ndiye aliyesimamia mapishi. Litia aliposhikwa na uchungu wa kumzaa binti yao Salote, ni Jagan aliyemkimbiza hospitali.

Mwaka 1991, wakati wa mavuno, Jagan alizama kwenye yaqona, kile kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili. Alikesha akinywa, akaja kazini macho mazito. Asubuhi moja ya Septemba alisinzia kabisa, gari likiteremkia kivuko cha wanafunzi. Emosi akaruka, akavuta breki. Watoto waliwapungia mikono, wasijue lolote.

“Jagan, hii si mara ya kwanza,” alisema. “Nenda mwenyewe kwa msimamizi. Usipokwenda leo, kesho nakwenda mimi.”

“Unichongee mimi? Mimi niliyempeleka mkeo akajifungue?”

“Ndiyo maana nakwambia wewe kwanza, ndugu yangu.”

Jagan alicheka, akadhani ni mzaha. Kesho yake Emosi alikwenda. Alisema aliyoyaona kwa macho yake, hakuongeza neno. Msimamizi alipodadisi habari za madereva wengine, alijibu, “Hao sijasafiri nao.” Kisha akamwombea Jagan asifukuzwe. Jagan akahamishiwa karakana.

Wenzake walimbandika jina, “Sikio la Bosi”. Akikaribia penye bakuli la yaqona, mazungumzo yalikatika. Mkewe Litia alimuuliza kama anajuta.

“Jagan namkumbuka sana,” alisema. “Lakini kwenda, sijutii.”

Mwaka 1993, siku ya harusi ya Salote, Jagan alitokea bila kualikwa, kabeba sufuria kubwa na gunia la vitunguu.

“Nimekuja kupika,” alisema. “Sijasema nimekusamehe.”

“Basi pika. Ila chumvi usizidishe kama kawaida yako.”

“Wewe na muhogo wako usio na ladha, utanifundisha chumvi?”

Watu waliangua kicheko, na wao wenyewe wakacheka hadi machozi. Miaka ilipopita, Jagan alimwambia, “Ningekuwa mimi, Emosi, ningenyamaza. Na ningekuwa nimekosea.”

Kisukari kilimpata Emosi mwaka 2009, kikamnyang'anya mguu, hakikumnyang'anya uimbaji. Jagan alikuja kila alasiri, wakabishana juu ya raga redioni. Emosi alifariki nyumbani tarehe 14 Juni 2018, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe Litia.

Ameacha mjane wake Litia, watoto wake Salote na Apisai, wajukuu sita, na Jagannath, aliyeomba jina lake lisiandikwe kati ya marafiki bali kati ya ndugu.

Bwana ampokee, ampe raha ya milele.