Kanda Aliyomwachia Jeremia

Ndugu waombolezaji, historia hii imeandikwa kama marehemu alivyoagiza, tunaomba isikilizwe hadi mwisho, na ndugu yetu Jeremia aliyeko kwenye vyombo asizime kipaza sauti kabla hatujamaliza.

Marehemu Gervasi Bonifasi alizaliwa Kidahwe tarehe 14 Machi 1978, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1986 hadi 1992, masomo yakamshinda, tusimpambe kwa kuwa amelala, ila masikio alikuwa nayo, gari likija barabara ya Kasulu alimtaja mwenye gari kwa mlio tu kabla halijatokea.

Januari 1997 aliingia studio moja ya Buzebazeba, kuta zake zimezibwa kwa magodoro, chini ya Mzee Martini, fundi wa sauti aliyevuka ziwa kutoka Uvira akikimbia vita, naye kwa miezi mitatu hakumruhusu kugusa mashine, alimkalisha akunje nyaya na kusikiliza tu, na kila kanda ilipojaa alimwambia, "Vunja meno kwanza, jina utaandika baadaye," maana kanda ikishavunjwa vile vijino viwili vya mgongoni hairekodiki tena juu yake.

Wakimbizi waliopotezana na ndugu walikuwa wakirekodi salamu pale zipelekwe redioni, na tarehe 9 Juni 1997 mama mmoja, Eufrasia, alisema dakika thelathini akimwita mwanawe Jeremia, Gervasi akaandika jina, akasahau meno, na kesho yake akarekodi kwaya juu ya kanda ile. Aligundua baada ya wiki, akamfuata mama kambini arudie, akakuta amekufa kwa kipindupindu na kuzikwa juzi yake, na Mzee Martini akamwambia kwamba kosa hilo atalisema mwenyewe, hatasemewa.

Hakulisema. Mwaka 1998 Jeremia alifika, kijana wa miaka ishirini, akiuliza sauti ya mama yake, aliyosikia kambini kwamba ilirekodiwa pale, akaambiwa kanda haionekani, kisha Gervasi akamchukua, akamlisha, akamfundisha kazi yote, nasi tukamsifu kwa wema huku yeye akiinamisha kichwa.

Tarehe 7 Agosti 2004 alifunga ndoa na Honorata, wakajaliwa Diana na Martini, Novemba 2021 figo zikaanza kumsumbua, akafariki hospitalini tarehe 3 Mei 2023. Kitandani alimweleza mkewe yote, akataka yasomwe hapa, na familia tulibishana sana, wengine tukisema maji yakimwagika hayazoleki, Honorata akakataa katakata kuyaficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Katubuka waliokesha nasi, na mafundi wenzake.

Jeremia, kwaya ile iliimba dakika ishirini na nane, hivyo mwisho wa kanda zimebaki dakika mbili za mama yako. Anayo Honorata, meno yamevunjwa, atakukabidhi kabla jeneza halijashuka, ukasikilize kwako, na leo hatukuombi useme lolote.

Gervasi, umeshasema, pumzika kwa amani.