Karanga za Calist

Pale Iguguno, ukishavuka lami kuelekea mashine ya kukamua alizeti, kuna benchi refu ambalo halina mwenyewe. Kila asubuhi saa moja Alute anatua jiko lake na birika la kahawa, na mkaa haujakolea vizuri watu wake wameshafika. Na pale, bwana, hukai bila jina. Ukikaa siku tatu mfululizo, ya nne umeshabatizwa. Edward ni Wakili, kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba zamani hizo, na tangu hapo hajanyamaza. Simeoni anauza dawa za mifugo, basi ni Daktari. Hosea, anayepima magunia ya alizeti pale mashineni, ni Mizani. Jina la kijiweni halitolewi kwa ubaya. Ni namna yao ya kukuambia kwamba wewe ni wa hapa. Fundi wa kubatiza ni Hosea, na kazi hiyo alikuwa akijivunia sana, mpaka mwaka jana.

Jumanne hiyo habari ilikuwa moja tu, na aliyeileta ni Daktari.

– Calist anarudi Ijumaa. Mama yake mwenyewe kaniambia. Hospitali ya akili Dodoma wamesema sasa yuko vizuri.

– Arudi wapi? – akadakia Wakili. – Yule kavunja kioo cha basi mchana kweupe, abiria wamejaa. Kalala mahabusu miezi miwili.

– Si mahakama ilishaona ni mgonjwa, ikampeleka hospitali?

– Hapo ndipo mnapoliwa nyie. Ukishaandikiwa karatasi ya ugonjwa, sheria haikugusi tena. Calist alijua hilo. Yule hakuumwa, alikuwa anajitetea mapema.

Hosea alipuliza kahawa yake. Calist alisoma naye darasa moja, wakachunga ng'ombe pamoja mpaka wakaota ndevu. Alikuwa amemkumbuka mno. Lakini aliposikia kwamba anarudi, hakuuliza hata basi lake litafika saa ngapi.

– Mimi nilishasema – alisema Daktari. – Ni ule mnara wa simu. Tangu wausimike, ng'ombe watatu wa Mzee Mazengo wameharibu mimba. Sasa ng'ombe ana ubongo mdogo, binadamu ana mkubwa. Piga hesabu mwenyewe.

– Mnara uko nyuma ya nyumba yako – Alute akamwambia. – Mbona wewe hujachanganyikiwa?

– Mimi navaa kofia.

Wakacheka. Wakili akasogea, akapunguza sauti, na Wakili akipunguza sauti ujue linalokuja ni kubwa.

– Niwaambie kitu, na kisitoke hapa. Yule jamaa ni usalama.

– Calist? Fundi baiskeli?

– Baiskeli ni kivuli tu. Si mlimwona anakaa pale barabarani kutwa anaandika namba za magari? Kichaa gani anaandika namba na herufi zake, hakosei hata moja? Halafu akapelekwa wapi? Dodoma. Makao makuu yako wapi? Dodoma. Haya, unganisheni wenyewe.

– Na kioo cha basi?

– Mafunzo hayo.

Hosea hakucheka. Yeye aliliona lile daftari la namba. Calist alimwonyesha, akamwambia magari yale yanamfuata tangu Singida mjini, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala siku nyingi. Hosea aliogopa. Alimwambia kwamba ana haraka, akaenda zake. Hilo nalo hakuwahi kumwambia mtu.

Walikuwa wanabishana cheo cha Calist huko usalama wakati dada mmoja alipovuka lami, faili kwapani, viatu vimejaa vumbi.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba. Karibu, dada. Alute, mpe mgeni kahawa.

Akasogezewa nafasi. Akasema anaitwa Evodia, ni afisa ustawi wa jamii kutoka wilayani. Kazi yake ni kuwafuatilia watu wanaotoka hospitali ya akili au gerezani, ajue watalala wapi, dawa watapataje na nani yuko karibu nao, ili wasirudi tena kule walikotoka.

– Natoka kwa Mama Calist sasa hivi – alisema. – Chumba kipo, kimefagiliwa. Ila macho yake hayaoni vizuri tena. Hawezi kujua kama mwanawe amemeza kidonge au ameshika tu. Nahitaji mtu mmoja wa kuwa naye kila asubuhi, na kumsindikiza kliniki kila mwezi. Asipopatikana, Calist atabaki kule kwanza.

– Kwa hiyo bado anaumwa? – Wakili akauliza.

– Ni mgonjwa anayetumia dawa, kama mtu wa presha. Akizimeza anakaa vizuri. Akiacha, mnajua yaliyotokea.

Hakuna aliyetaja mnara. Hata usalama uliyeyuka palepale.

– Nilikuwa naye wiki iliyopita – Evodia akaendelea. – Anasema alipotoka hospitali ile mara ya kwanza, kabla ya mambo ya basi, dawa zake alikuwa anamezea hapa kwenu. Anaomba maji kwa mzee wa kahawa, anameza, ndipo anachukua kikombe. Alifanya hivyo ili asisahau, na miezi mitatu hakusahau hata siku moja. Sasa mimi nauliza jambo dogo tu. Aliacha siku gani?

Daktari akaangalia jiko. Wakili, ambaye ana jibu la kila kitu mpaka la mvua kuchelewa, akaanza kusafisha miwani yake kwa shati. Alute alijua kumimina maji, hakujua alipoacha kuyamimina. Lori la vitunguu likapita, vumbi likatua.

Hosea aliijua ile siku. Ilikuwa ya mnada, benchi limejaa, na wachuuzi wageni wamesimama na vikombe mkononi. Calist alitoa kikaratasi chake mfukoni, akamimina vidonge vitatu kiganjani. Na Hosea, kwa kuwa watu walikuwa wengi na ulimi ulikuwa unamwasha, akasema: Ndugu yangu, leo hizo karanga hutugawii? Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ndivyo Calist alivyokuwa Karanga. Naye alicheka. Kisha akafumba kiganja, akavirudisha vidonge mfukoni. Kesho yake aliomba kahawa tu, na Hosea aliona.

– Jumatano – Hosea akasema.

Wote wakamgeukia.

– Jumatano ya mnada, mwezi wa kumi. Mimi ndiye niliyemwita Karanga. Kwa sababu ya zile dawa.

Evodia hakumkaripia, na Hosea angependa akaripiwe. Aliandika, kisha akafunga kalamu.

– Jina hilo aliniambia. Nikamuuliza ni nani alimpa, mara mbili nilimuuliza. Akasema ni utani wa marafiki zake, hawana ubaya, niachane nao.

Hosea akainamisha kichwa. Alute akachukua kikombe cha Hosea kilichopoa, akakiweka chini taratibu.

– Niandike mimi – Hosea akasema. – Saa moja kila asubuhi nitakuwa kwao. Na kliniki nitamsindikiza.

– Jina lako?

– Mizani huyo – Wakili akajibu kwa mazoea.

– Hosea – alisema mwenyewe. – Naitwa Hosea.

Evodia akatafuta ndani ya faili, akatoa penseli, akaandika.

– Mbona kwa penseli? – Hosea akauliza.

– Kwa sababu Ijumaa nitamuuliza na yeye. Dawa ni zake, na wa kukaa naye anachagua yeye. – Akamtazama, wala si kwa ukali. – Na akikukataa, kaka Hosea?

Evodia alisubiri kidogo, akamaliza kahawa yake, akashukuru, akavuka lami kurudi alikotoka.

– Mimina tena – Daktari akamwambia Alute.

Alute akainamisha birika. Hakikutoka kitu.

Mmoja mmoja wakainuka. Kule mashineni walikuwa wanapiga mluzi, magunia yamepangwa na mpimaji haonekani. Hosea aliwasikia, lakini hakuondoka. Ilibaki Jumatano, Alhamisi, halafu basi linafika, na alikuwa hajui ataanzaje kumwomba Calist msamaha.